Hifadhi ya ufukwe Ilemela: tunalinda matete au tunajifukuza wenyewe?

Wakuu habari zenu. Huku kwetu Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, kuna karatasi inazunguka mtaani, watu wanakusanya saini wanataka ule ukanda wa matete na mafunjo kando ya ziwa utangazwe hifadhi moja kwa moja, asijenge mtu tena. Mimi sijasaini na kwenye grupu la mtaa nimeshaitwa msaliti, kwa hiyo naileta hapa tuijadili bila matusi.

Hasira zao nazielewa. Ufukwe unavyoliwa tunaujua wote, wanaanza kufyeka matete, wanachoma, lori linakuja usiku kumwaga kifusi, ukija kushtuka kuna msingi, halafu ukuta unaingia mpaka kwenye maji, halafu geti na mbwa, na njia ya kwenda kuchota maji imefia hapo. Na matete siyo pori la bure jamani. Sato anatagia kwenye maji mafupi, jike anabeba mayai na vifaranga mdomoni, akija kuvitema vinajificha humo humo kwenye magugu ambako sangara hapenyi kirahisi. Tena uchafu wa mitaro unaoshuka na mvua ukipita kwenye mafunjo unachujwa kidogo, na maji ya bomba tunayokunywa Mwanza yanavutwa ziwa hili hili, Capri Point na sasa Butimba.

Ila hifadhi mnaijua? Saanane mnayoitolea mfano, kile kisiwa karibu na mjini, imepewa jina la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa anaishi na kuvua pale, akaondoka ikawekwa bustani ya wanyama miaka ya 60, na 2013 ikawa hifadhi ya taifa. Leo ukitaka kukanyaga pale unalipa kiingilio. Wamama wanaoanika dagaa hapa kwetu watalipa kiingilio kwenye mchanga wao?

Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, tayari inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukuta ni wa kudumu. Dagaa jua likizama wameanuliwa. Kwa nini tusidai hizo mita 60 zisimamiwe badala ya kuomba kitu kipya?

Mtu wa Kirumba: Mleta mada unatuchosha, hiyo sheria ina miaka zaidi ya 20, na kuta zinaongezeka. Mtu akija na barua yake kutoka huko juu utamwonyesha kifungu cha 57? Atacheka. Hifadhi ikishatangazwa kwenye gazeti la serikali na ramani yake, hapo hata mkubwa anafikiria mara mbili. Nyie mnaosubiri sheria isimamiwe mtasubiri mpaka ziwa lote liwe na geti.

Mvua nguo: Mi ni mvuvi na niko BMU, kile kikundi cha wanajamii cha kusimamia uvuvi ufukweni. Waulizeni wavuvi wa jirani na kisiwa cha Rubondo, ile ni hifadhi ya taifa tangu 1977, mtumbwi wako ukikutwa ndani ya mipaka ni kesi, nyavu zinaondoka. Sisemi wako vibaya, samaki wanazaliana kule. Ila huku mjini mwalo wetu wa kushushia samaki ukifungwa naenda kuvua wapi, Makongoro road? Halafu wa kokoro, wale wanaokokota nyavu mpaka ufukweni, ndio wanaomaliza mazalia kila usiku na hao hamuwaandikii karatasi.

Mama Kiwanja: Mimi nilipimiwa kabla ya hiyo 2004, hati ninayo, kodi nalipa. Mita 60 zinakula kiwanja chote na choo chake. Mkitaka hifadhi sawa, fidia kwanza. Na mniambie mnapima kutokea wapi, maana 2020 maji yalipopanda yaliingia mpaka kwenye mgomba wangu, sasa ukingo ni wa mwaka gani?

Mleta mada: Dada hapo kwenye ukingo umenibana, sina jibu, watu wa Bonde la Ziwa Victoria waje wapige bikoni zionekane ndiyo tuongee. Mtu wa Kirumba, kwenye hoja ya ramani nakubali, bila mstari uliochorwa tutabaki tunapiga kelele tu. Lakini karatasi ilivyo sasa imeandikwa "eneo lote la ufukwe" basi, hakuna mwalo, hakuna njia ya maji, hakuna sehemu ya kuanikia. Sentensi hiyo ikifika kwa mtu wa ofisini atakayetafuta pa kuanzia, ataanza na chanja za wamama maana hazina mwanasheria, kuta za watu ataziacha za mwisho. Iandikwe upya, mialo itajwe kwa majina, BMU wawe walinzi wa matete, mwenye hati ya zamani ajulikane anafidiwaje, mimi nasaini wa kwanza na nyumba kwa nyumba nazunguka nayo. Nani anayo saa hizi, mwenyekiti au balozi?