Uzi wa malalamiko: Wewe unayekuja ofisini unaumwa, nani amekutuma?

Wakuu, hili nimelimeza vya kutosha, leo nalitapika. Asiyependa maneno makali apite tu, nyuzi ziko nyingi.

Ofisi yetu ni chumba kimoja kikubwa, meza zimebanana, madirisha hayafunguliwi kwa sababu ya kiyoyozi. Msimu wa mafua ukianza tu, lazima awepo wa kutuletea. Anaingia asubuhi macho mekundu, sauti imemkauka, kitambaa mkononi kimeshalowa. Unamwambia pole, rudi ukapumzike. Jibu ni lile lile: "Aa, kawaida tu, kamafua kadogo." Anavuta kiti, anapiga chafya juu ya kibodi, anajifuta pua kwa kiganja, na kiganja hicho hicho ndicho anachokunyooshea mkasalimiane. Ukisita kuupokea mkono, wewe ndiye mwenye maringo.

Wengine hawakubali hata kwamba wanaumwa. Ni vumbi. Ni kiyoyozi. Ni aleji, haiambukizi. Ndugu yangu, aleji haipandishi homa. Umejifunika sweta, unatetemeka, kijasho kinakutoka, halafu unanieleza habari za vumbi?

Siku mbili tatu zikipita, jirani yake wa kulia anaanza kulalamikia koo. Kisha wa kushoto. Kisha safu nzima inakohoa kwa zamu utadhani imepangiwa ratiba. Na aliyetuletea mzigo wote huo kwa wakati huo keshapona, anapita katikati ya meza na kikombe chake, anatuonea huruma: "Poleni jamani, naona mafua yanazunguka sana siku hizi." Yanazunguka! Yana miguu? Yamezungushwa na nani?

Najua humu hakosekani wakili wa kujitolea, atakuja kusema mtu hawezi kujua ameambukizwa lini. Ni kweli. Mwenye influenza, yaani yale mafua makali yenye homa, huanza kuambukiza wenzake takriban siku moja kabla hajaona dalili yoyote, na huendelea kwa siku 5 hadi 7 hivi tangu augue, zile tatu za mwanzo zikiwa mbaya zaidi. Kwa hiyo siku ya kwanza simlaumu mtu. Umeamka mzima, umekuja, mchana viungo vikaanza kuuma, hiyo ni bahati mbaya yetu sote. Mimi naongelea siku ya pili. Usiku kucha umeweweseka kwa homa, asubuhi umejiona kwenye kioo, umemeza vidonge, ukavaa, ukaja. Hiyo umeamua mwenyewe.

Na hivyo vidonge ndivyo vinavyonimaliza. "Nimeshameza dawa, niko fiti." Parasetamoli inashusha homa na kupoza maumivu, kirusi hakina habari nayo. Ulichojipa ni nguvu ya kusimama na kuzunguka kwenye meza za watu, basi. Baada ya saa chache dawa inaisha nguvu, unaanza kuomba kiyoyozi kizimwe, unauliza nani ana vidonge vingine kwenye mkoba. Na wewe uliyekuja na antibayotiki ulizobakiza ulipougua mara iliyopita, mafua ni ya virusi, hizo ni za bakteria. Hazikusaidii kitu.

Halafu vikao. Mlango umefungwa, watu wamekaa bega kwa bega, na mgonjwa ndiye anayewasilisha. Anaongea, anakatizwa na kikohozi, anakunywa maji, anaendelea. Wenzake wa mbele wanarudisha viti nyuma kidogo kidogo, kila mtu anajifanya anatafuta mahali pa kuona vizuri. Kuziba mdomo kwa kiwiko ni jambo jema, ahsante, lakini virusi havisubiri chafya. Mtu akiongea tu, akipumua tu, anatoa vichembe vinavyobaki kuelea kwenye hewa ya chumba kilichofungwa. Taarifa yenyewe ilikuwa kurasa chache ambazo kila mtu alikuwa ameshatumiwa kwa barua pepe.

Lakini wa mafua nampa nafuu nikimlinganisha na wa tumbo. Huyu ametapika na kuharisha usiku kucha, asubuhi anaona "imekata", anakuja. Tena anatusimulia! Norovirus, ambao ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya kutapika na kuharisha kwa ghafla duniani, unahitaji chembe chache mno kumwangusha mtu. Mgonjwa huendelea kuutoa hata baada ya kujisikia mzima, ndiyo maana ushauri wa kawaida wa afya ni kukaa mbali na kazi mpaka zipite saa 48 tangu alipotapika au kuharisha mara ya mwisho. Na kile kitakasa mikono cha alkoholi anachojipaka kwa madaha mbele yetu hakiuwezi sana huo ugonjwa. Ni sabuni na maji yanayotiririka, usugue kweli. Sasa fikiria kitasa cha choo, birika la ofisi, kijiko kimoja cha sukari kinachoshikwa na watu wote. Ukimwambia hayo, anasema unamnyanyapaa.

Mnaosema "mafua hayaui", mnaongea kwa kujipima wenyewe. Wewe una mapafu mazima na kinga nzuri, unaangushwa siku tatu, unainuka. Hujui nani amekaa nyuma yako. Yupo mwenye pumu, mafua yakimshika anaishia kwenye mashine ya oksijeni. Yupo mjamzito ambaye bado hajamwambia mtu, na influenza kwa mjamzito si mchezo. Yupo anayemeza dawa za kushusha kinga kwa sababu amepandikizwa figo, au yuko kwenye matibabu ya saratani na anakuja kazini kimya kimya kwa sababu hataki kuonewa huruma. Yupo anayerudi jioni kumlisha mzazi mzee au kubeba kichanga. Hawa wote hawana wajibu wa kutembea na cheti cha daktari shingoni ili wewe ukumbuke kuwa na adabu.

Tuje kwenye sababu, maana si wote wanaokuja wanaumwa nawapigia kelele.

Kibarua anayelipwa kwa siku, asipofika hakuna hela, na akikosa mara mbili nafasi yake anapewa mwingine: huyo simgusi. Mfagizi wa kampuni ya nje, mlinzi, dereva wa mkataba wa mdomo. Ukimwambia huyo "kaa nyumbani" bila kumwambia nani atalipa kodi ya chumba, unajisafisha roho tu. Kuna mwanamke maarufu kwenye historia ya tiba, Mary Mallon, mpishi wa New York. Alikuwa amebeba vimelea vya homa ya matumbo bila yeye mwenyewe kuumwa, na familia alizozipikia zikawa zinaugua. Walimtenga mwaka 1907, wakamwachia 1910 kwa sharti asipike tena. Akajaribu kufua nguo, malipo yakawa kiduchu kuliko ya upishi, akabadili jina akarudi jikoni. Mwaka 1915 walimkuta kwenye jiko la hospitali ya wazazi baada ya watu kuugua, wakamtenga tena, safari hii mpaka alipofariki mwaka 1938. Dunia nzima inamtaja kama mfano wa mtu mbaya. Mimi nikimsoma nauliza nani alimpa kazi nyingine yenye mshahara ule ule.

Ila angalieni tofauti. Yule mama alijisikia mzima kabisa, hata madaktari hakuwaamini. Wewe mwenzetu unajua unaumwa, sisi tunajua, mpaka mlinzi wa getini anajua. Mshahara wako hauguswi. Siku za likizo ya ugonjwa zimeandikwa kwenye mkataba wako, unazo, mwaka unaisha hujazitumia. Kompyuta mpakato unaibeba kwenda nyumbani kila siku. Na bado unakuja! Unajua watu walivyosota kupata hizo siku? Huko Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, wafanyakazi wa viwanda vya chuma waligoma kwa wiki 16, kuanzia Oktoba 1956 mpaka Februari 1957, na dai lao kubwa lilikuwa kuendelea kulipwa wakiumwa kama walivyolipwa makarani wa ofisini. Wiki 16 za baridi, wenzako wanapigania haki ambayo wewe unaikanyaga ukienda kupiga chafya kwenye printa.

Kwa nini anakuja, basi? Nimewachunguza. Wapo wanaoogopa kwamba siku wasipokuwepo tutagundua kazi inaenda vizuri tu bila wao. Wapo wanaopenda kuonekana wanateseka. Akikohoa anatupia jicho pembeni kuona nani amesikia. Na tuwe wakweli, kazi yenyewe mgonjwa haifanyi. Anatumia asubuhi nzima kwenye ukurasa mmoja, tarakimu zinapishana, kiambatisho anakisahau, na anayekuja kurekebisha ni mimi, nikiwa na homa aliyonipa yeye.

Lakini hasira yangu kubwa nimeiweka kwa mabosi, maana wao ndio wanaoufuga ugonjwa huu. Bosi anasimama mbele ya watu: "Mwoneni mwenzenu, homa inamwaka lakini yupo kazini, huo ndio moyo." Tunapiga makofi. Mwisho wa mwaka kinatoka cheti cha mahudhurio, hakukosa hata siku moja. Mimi nikikiona kile cheti nahesabu waliolala kitandani kwa ajili yake. Bosi mwenyewe akiumwa anakuja, anafunga mlango wake, kisha anatuita mmoja mmoja tuingie. Sasa nani chini yake atapata ujasiri wa kubaki nyumbani?

Na mtu mwenye busara akiamua kupiga simu kuomba ruhusa, anahojiwa kama mshukiwa. "Unaumwa nini hasa? Mbona jana ulikuwa mzima? Huwezi kujikaza mpaka mchana?" Kisha anaambiwa alete karatasi ya daktari, kwa siku moja ya mafua. Yaani mtu anayehitaji kulala na kunywa maji anatakiwa aende akakae kwenye foleni ya wagonjwa, akohoe na wenzake, ampotezee daktari muda, ili arudi na mhuri. Ukifikiria hayo unaona kuja ofisini ndiyo njia rahisi. Wameitengeneza hivyo wenyewe, halafu nusu ya idara ikilala wanashangaa kwa nini ripoti imechelewa.

Kinachouma zaidi, tuliwahi kujua. Mwezi Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia, ofisi ngapi hazikubandika matangazo kwamba mwenye kikohozi asikanyage? Viti viliachiwa nafasi, madirisha yakafunguliwa, kazi nyingi zikafanyika kutoka nyumbani na dunia haikusimama. Leo ile chupa ya kitakasa mikono bado imening'inia ukutani kwetu, tupu, kitufe kimeganda. Ukivaa barakoa unaulizwa "kwani una nini?" Mzima ndiye anayejificha nyuma ya barakoa, mgonjwa uso wazi.

Sisemi mtu afungiwe wiki nzima kwa sababu pua inachuruzika. Kikohozi kinaweza kubaki wiki kadhaa baada ya ugonjwa wenyewe kuisha, hilo naelewa, na pia siombi tumkimbie kila anayesafisha koo. Naomba kitu kidogo sana: una homa, baki, mpaka ipite angalau siku nzima bila homa na bila dawa ya kuishusha. Tumbo, nimeshasema. Umelazimika kabisa kuja, vaa barakoa, kaa pembeni, fungua dirisha, kikao ingia kwa simu, na mikono yako baki nayo. Na mwenye cheo aanze yeye kwenda nyumbani akiumwa, tumwone akienda.

Sasa nauliza wenye uzoefu. Mtu wa rika langu namwambia usoni, nimeshamwambia, tumenuniana, maisha yanaendelea. Mkubwa wako je? Kuna humu aliyewahi kumwambia mkuu wake wa idara "nenda kapumzike, unatuambukiza" na akabaki na kazi? Alitumia maneno gani, na aliyasema mbele ya watu au faraghani? Na watu wa utumishi mliomo humu, karatasi ya daktari kwa siku moja ni sheria ya kampuni kweli au ni ubabe wa msimamizi tu?

Wale wa "kinga yako ndogo, kula matunda", nimeshawaona mnakuja. Matunda nakula. Piteni.