Naomba ushauri: NBA 2K ipi kwa kucheza bila intaneti?

Wakuu, natafuta toleo moja la NBA 2K, gemu ya mpira wa kikapu, la kuchezea ligi nzima kwenye kompyuta, bila intaneti. 2K11 ya mwaka 2010 ina zile mechi 10 maarufu za Michael Jordan za kucheza upya, ila vikosi vyake ni vya enzi hiyo. 2K25 ndiyo iliyoleta kwenye kompyuta Eras (enzi za kuanzia) za MyNBA, sehemu ya kuendesha ligi nzima: unaanzia 1983, 1991, 2002, 2010, 2016 au sasa, na sheria za ligi hubadilika miaka ikisonga. MyCareer, sehemu ya kumkuza mchezaji wako mmoja, siihesabu kabisa; seva zikizimwa, sehemu kubwa yake inakufa.

La pili ni kurusha mpira kikapuni: unabonyeza kitufe na kukiachia kwa wakati sahihi. Gemu ikienda picha 60 kwa sekunde, kila picha ni takriban milisekunde 16.7. Runinga ikichelewesha milisekunde 50, tayari picha tatu zimepotea, na kitufe kinaachiwa nje ya wakati hata kama kidole hakijakosea. Hali ya gemu (ya kupunguza ucheleweshaji) kwenye runinga imewashwa, na vsync, inayolinganisha picha za gemu na kasi ya skrini, imezimwa. Mliozoea, mnaanza kwa kubadili staili ya mrusho ya mchezaji, au mnashusha ubora wa picha kwanza?