Mama yangu wa miaka 71 si "mathe" wako

Naandika nikiwa bado na hasira, mnisamehe ikizidi.

Jana nilimpeleka mama katika ofisi moja hapa Nakuru mjini, siitaji. Alikuwa ameletewa barua ya maji, Kiingereza kitupu ukurasa mzima. Alikaa nayo wiki tatu ndani ya Biblia, maana mtoto wa jirani aliyejaribu kumsomea alifika mstari wa pili akachoka. Kumbe ilisema bili ni ya makadirio, yaani hakuna aliyesoma mita, na asiyeridhika alalamike kabla ya siku 14 kwisha. Zilikuwa zimekwisha zamani.

Tukafika kaunta. Kijana, umri wa mjukuu wake, macho kwenye simu: "Mathe, fomu ni gani?"

Hiyo ni Sheng, lugha ya vijana wa mjini: "mathe" ni mama, na "fomu ni gani" ni kama "mambo vipi". Mama akafungua mkoba akaanza kutafuta fomu ya karatasi.

Wallahi nilitaka kucheka na kulia pamoja. Nilipomweleza shida yetu, kijana akabadilisha gia: "Kwa mujibu wa taratibu, akaunti yenye malimbikizo haifanyiwi marekebisho hadi salio lisawazishwe." Yaani lipa kwanza. Si angesema hivyo tu?

Na msiniambie hajui kuongea na watu. Tukiwa pale pale akaingia bwana mmoja wa suti. Simu ikaenda mfukoni, kijana akasimama: "Karibu sana mzee, keti tafadhali, nikusaidie vipi?" Kiswahili safi, tena cha polepole. Anacho! Amewawekea wenye tai.

Sheng siichukii, nimekulia mtaa wa Rhonda hapa Nakuru na ndiyo nimecheza nayo utotoni. Makanga wa matatu tuliyorudi nayo alikuwa akibishana na vijana mlangoni kwa Sheng nzito hata mimi nyingine ikanipita. Mama aliposema anashuka, sauti ikabadilika: "Shosho, shika hapa, kanyaga polepole, dere atangoja." Huyo sidhani kuna aliyempeleka semina ya kuhudumia wateja.

Halafu hiyo barua. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imesema Kiswahili ndicho lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mji huu una Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii, na sokoni tunauziana sukuma wiki kwa lugha gani? Lakini barua ya maji inaandikwa kama inapelekwa Uingereza.

Kilichoniuma zaidi ni njiani. Mama ameniambia nisigombane na watu kwa sababu yake, eti kosa ni lake hakusoma. Mwanamke aliyelea watoto watano kwa kuuza mboga!

Jumatatu tunarudi. Nataka mita isomwe tukiona, na barua iandikwe upya kwa Kiswahili. Kuna yeyote hapa amewahi kupata barua ya Kiswahili kutoka ofisi ya maji, ya ardhi, yoyote ile? Weka picha, ficha jina lako, nikawaonyeshe kwamba inawezekana.