Naomba ushauri: ufeministi unamtetea nani hasa?

Habari zenu wakuu. Naandika tasnifu kuhusu nadharia ya ufeministi (fikra za kutetea haki za wanawake) na nimekwama sura ya pili. Mwanafalsafa Judith Butler (1990) anadai kundi la wanawake halipo tayari likingoja kutetewa. Siasa yenyewe ndiyo huliunda, na kila fasili huwaacha wengine nje. Mwanasosholojia Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí (1997) anakwenda mbali zaidi: kwa Wayoruba (watu wa Nigeria na jirani zake) wa kabla ya ukoloni, anasema, ukubwa kiumri ndio uliopanga watu, si jinsia. Hoja hiyo imenigusa sana. Lakini kama kundi la wanawake halipo tayari, likizo ya uzazi tuidai kwa niaba ya nani? Mwananadharia Gayatri Spivak alipendekeza umoja wa kimkakati, yaani kujitaja kama kundi moja ili kudai jambo fulani, kwa muda tu. Kwangu hautoshi. Mliosoma falsafa, nisome nani anayelijibu hili moja kwa moja?