Tupeane uzoefu: tuliosoma shule za kata zilipoanza

Mbeba Kokoto
Wakuu, jana nimempeleka mtoto wa dada kidato cha kwanza. Maabara ina bomba na maji yanatoka. Machozi yakanilenga. Mimi niliingia 2006, MMES, ule mpango wa Serikali wa maendeleo ya elimu ya sekondari, imepamba moto, kila kata sekondari yake. Sisi pipeti tuliichora daftarini tu. Mliopita huko, karibuni.

Binti Rufiji
Ndoo ya maji asubuhi, mchanga Jumamosi. Nimo.

Mzee wa Chaki
Kata ziliua elimu. Tuseme ukweli.

Binti Rufiji
Ya nani, mzee wangu? 2004 wanafunzi wa sekondari nchi nzima hawakufika laki tano, 2011 wakakaribia milioni 1.8. Mimi nimo kwenye hiyo nyongeza. Bila shule ile ningeolewa nikitoka darasa la saba.

Mzee wa Chaki
Kuingia mliingia, mwanangu. Nani aliwafundisha? Nilikuwa mwalimu pekee wa sayansi, kidato cha kwanza hadi cha nne. Iliniuma sana.

Four ya 33
Mimi nilimaliza kidato cha nne 2012. Hesabu tulifundishwa na kijana aliyetoka kidato cha sita, mafunzo ya wiki chache, akaondoka muhula wa pili. Hadi tunamaliza hakuja mwingine. Nilipanga geto na wenzangu wawili, maana nyumbani ni kilomita 11. Februari 2013 matokeo yakabandikwa. Kati ya watahiniwa kumi nchini, sita wana sifuri, yaani wamefeli. Darasani kwetu karibu wote. Baba alikuwa ameuza ng'ombe kwa ajili yangu. Hakunigombeza, alikaa chini ya mwembe mpaka giza. Mei Serikali ikafuta yale matokeo, yakapangwa upya, nikapata four ya 33, yaani daraja la nne la pointi 33, nukta moja tu kabla ya sifuri. Nilikimbia kumwambia. Akaniuliza, "Sasa wewe unajua au hujui?" Sikuwa na jibu.

Mtu wa Singida
Daah. Pole ndugu.

Mama Junia
Pole sana. Mbeba Kokoto, mpeleke huyo mtoto bweni, njia ndefu inaua masomo.

Binti Rufiji
Bweni hapana, abaki nyumbani. Mkazanie Kiingereza. Sisi tulitoka msingi kwa Kiswahili, Januari tukaelezwa fotosinthesisi kwa Kiingereza.

Mzee wa Chaki
Hapo umenena. Ndugu wa 33, baba yupo?

Four ya 33
Yupo, mzee. Namjibu kila mwezi, nafundisha hesabu shule ileile.