Somo la pamoja la Kijapani: shule za Kisumu zalianzaje?

Nyalenda_B
Walimu wenzangu, hamjambo. Japani walimu huandaa somo moja pamoja, mmoja hulifundisha wengine wakitazama, kisha hulichambua. SMASSE, mradi wa Kenya ulioanza 1998 kwa msaada wa JICA (shirika la misaada la Japani), ulituletea mafunzo ya hisabati na sayansi kwa walimu wa sekondari, ila mengi yaliishia kwenye semina za likizo. Gredi ya 7, wanafunzi 70, hisabati: mtu aanzie wapi?

Chaki_Nakuru
Mwalimu, somo moja kwa muhula latosha. Walimu watatu au wanne. Wa sayansi akijiunga, karibu. Chagueni mahali wanafunzi huteleza kila mwaka, mfano 1/2 + 1/3. Kabla ya kuandika andalio, orodhesheni majibu mnayoyatarajia. 2/5 haitakosa: wamejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Andalio la Kijapani lina safu nzima ya majibu kama hayo na hatua ya mwalimu kwa kila moja. Letu huandikwa mkaguzi aridhike. Basi kwa 2/5 andikeni swali hili: je, ni zaidi ya nusu au pungufu? Ni pungufu, na tulianza na nusu tukaongeza! Kisha mchore mstatili wa miraba 6: nusu ni 3, thuluthi ni 2, jumla 5/6.

Dakika 40: 5 za swali, na liwe moja tu. 10 kila mtu daftarini; mwalimu anapita akiandika nani katumia njia gani. 20 za kulinganisha njia tatu ubaoni, mkianza na ile yenye kosa. 5 za kufunga. Ubao haufutwi hadi kengele, kwa hiyo ugaweni sehemu tatu mapema. Ukifuta njia ya kwanza, aliyekuwa bado anaisoma hawezi kuilinganisha na ya pili.

Kila mtazamaji na madawati mawili tu. Anaandika mtoto alichofanya, wala hamsaidii. Hao 70 wote hamtawaweza.

Hesabu_Bungoma
Mpango huu hufia kwenye kikao cha baada ya somo. Mtu akiambiwa "sauti yako ilikuwa ndogo" mbele ya wenzake, hajitolei tena. Aliyefundisha aongee kwanza, kisha wengine wasome walichokiona madaftarini. Na fomu za TPAD, zile za kutathmini utendaji wa mwalimu, zikae ofisini siku hiyo, tafadhali. Mkichanganya mambo hayo mawili, mtaonyeshwa somo ambalo mwalimu ameshalifanyia mazoezi na wanafunzi hao hao.

Nyalenda_B
Shukrani. Na ratiba? Walimu wa hisabati ni wawili, na wote wana vipindi asubuhi.

Chaki_Nakuru
Kipindi cha mwisho, kabla ya michezo. Darasa la somo libaki, mengine yatoke uwanjani na walimu wa zamu. Hata Japani madarasa mengine mara nyingi huachiliwa mapema siku hiyo. Mkiwa na mkondo wa pili, fundisheni humo somo lililorekebishwa wiki hiyo hiyo, tena afundishe mwalimu mwingine. Mkingoja muhula ujao, mtakuwa mmesahau kwa nini mlibadilisha swali.