Mwalimu wetu kazikwa hatuna habari, wiki 2 hazijaisha shule inatutafuta kwa mchango wa geti

Wakuu salaam. Uzi utakua mrefu, mnivumilie, hii hasira nimeibeba wiki nzima na sina pengine pa kuitua.

Mwalimu wetu wa hesabu kafariki. Jina lake siliweki hapa na shule siitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Mzee yule kafundisha pale zaidi ya miaka 30, kuna watu kamfundisha baba na baadae akaja kumfundisha mtoto. Usiku wa prepo alikua anarudi darasani kwa hiari yake, hakuna aliemtuma, anasimama pembeni ya dawati lako mpaka hesabu ikubali, na ukikosea mara ya tano hakusemi, anafuta tu anakwambia anza upya. Mimi niliingia pale naogopa namba kama mtu anavyoogopa nyoka na leo hii ninakula kwa kazi ya namba. Mtu wa namna hiyo kazikwa na sisi wanafunzi wake hatukujua. Meseji hakuna, simu hakuna, tangazo hakuna. Nimekuja kujua siku 9 baada ya mazishi, tena kwa mtu ambae hajasoma pale, alikua jirani yake tu, ananiuliza "mbona wanafunzi wake sikuwaona?" Nilikosa cha kumjibu. Mpaka leo nikilala hilo swali linarudi.

Sasa sikilizeni. Wiki 2 hazijaisha simu inalia, meseji: ndugu mwanafunzi wa zamani, shule yako inakuhitaji, tunajenga geti jipya, mchango utume namba fulani. Niliisoma nikaishiwa nguvu. Kumbe namba yangu wanayo! Ilikuwepo siku zote, siku mwalimu anaumwa ilikuwepo, siku anazikwa ilikuwepo, hakuna alieona kwamba ni ya kutumia kwa jambo kama hilo.

Nikapiga simu shuleni kuuliza namba zetu wamezitoa wapi. Karani akanijibu vizuri tu, mama wa watu hana kosa, akasema shule yenyewe haina orodha yoyote ya wanafunzi wa zamani, hizo namba wameletewa na mjumbe mmoja wa kamati ya alumnai. Nikamtafuta huyo mjumbe, nikamuuliza orodha yake ina watu wangapi, akasema 60 na kitu. Shule iliyotoa maelfu ya watu! Nikamuuliza hao 60 mmewapataje, akasema ni wale waliochangia ukarabati wa maabara mwaka ule. Basi hapo ndo nikaelewa kila kitu. Orodha pekee ya wanafunzi wa zamani iliyopo duniani ni ya watu waliowahi kutoa hela. Kama hukuwahi kutoa hela wewe hujawahi kusoma pale, haupo. Na mchango wenyewe wa maabara mpaka leo hatujaonyeshwa hata picha ya meza moja, ila hilo leo nalipita, kila mtu analijua.

Mnaosema mambo haya ni magumu, teknolojia haikuwepo, hapana. Kaka zetu waliotutangulia walikua na kundi la imeili kwenye Yahoo Groups, watu walikua wanaandikiana kutoka kila pembe, mle ndani kulikua na picha za mabweni ya zamani, majina ya viranja, barua za walimu waliostaafu. Oktoba 2019 kampuni ikatangaza kwamba vilivyomo vitafutwa, pakua vya kwako. Mda ulikuwepo, tangazo lilikuwepo, na huduma yenyewe ikaja kufungwa kabisa tarehe 15 Desemba 2020. Mimi mwenyewe niliwaandikia kamati nikawaambia mwenye neno la siri aingie apakue, ni kazi ya jioni moja. Nikajibiwa "tutalifanyia kazi". Halijafanyiwa kazi, vimekwenda, miaka ya kumbukumbu za watu imepotea hivi hivi kwa sababu mtu mmoja hakutaka kukaa kwenye kompyuta jioni moja!

Tukahamia WhatsApp. Kwanza ule wakati grupu lilikua halipokei zaidi ya watu 256, kwa hiyo waliochelewa wakaambiwa limejaa, wakafungua la pili, la pili likagombana na la kwanza nani ndo grupu halisi la shule, la tatu likazaliwa kwa hasira. Mwaka 2022 WhatsApp wakapandisha idadi mpaka watu 1024 na hakuna hata alieongelea kuunganisha, kwa sababu kila admini hataki kuachia grupu lake. Na hata wangeunganisha, jamani, grupu sio rejista! Mle kuna namba na jina la utani. Huyo anaejiita Simba wa Yuda kamaliza mwaka gani, alikaa bweni gani, nani anajua? Mtu akibadilisha laini bila kutuaga ndo kapotea, na akaunti ikikaa siku 120 bila kutumika WhatsApp wanaifuta, yaani mwenzako akipotea miezi 4 kwa ugonjwa au matatizo yake akirudi hayumo na hakuna anaegundua kwamba hayumo. Asubuhi picha za maua, mchana siasa, jioni biashara za watu, na siku mwalimu anakufa kimya.

Kuna kipindi alijitokeza dada mmoja wa miaka ya nyuma akaanza orodha kwenye Excel, alijituma yule dada, nampa heshima zake zote. Akaikabidhi kwa kamati. Wao wakaanza kunakili namba humo bila kujua hata kwamba ile programu ukiandika namba ya simu kama namba ya kawaida inakula sifuri ya mwanzo, na zile ndefu za wenzetu zinazoanza na namba ya nchi zinakuonyesha E na alama ya kujumlisha badala ya tarakimu, ukija kuhifadhi faili vibaya kilichobaki ni hicho hicho. Ilikua ni kuweka tu safu iwe ya maandishi basi. Namba za watu karibu wote zikaharibika na nakala ya akiba hakuna. Alafu baada ya kuharibu wakaweka faili lenyewe kwenye linki ya wazi, kila mwenye linki anaingia, humo kuna tarehe za kuzaliwa za watu, wapi wanaishi, wapi wanafanya kazi. Nani aliwapa ruhusa? Ulaya kule toka Mei 2018 kuna sheria ya GDPR inayokuzuia kutapanya taarifa za watu namna hiyo, lakini hata pasipo na sheria, mtu kakupa namba yake kwa imani wewe unaibandika barabarani? Kuna mama kaniambia kaanza kupigiwa na matapeli wanaomtaja kwa jina la utani la shuleni. Huyo mkimtafuta tena atawapokea?

Na kinachoniuma zaidi majina yote yapo. Nimekwenda masijala ya shule mwezi uliopita, kabla ya haya yote, nilikua nafuatilia cheti, nikaomba kuona daftari la usajili. Lipo. Kila mwanafunzi aliewahi kuingia pale kaandikwa humo kwa mkono, namba yake ya usajili, jina kamili, mwaka alioingia, mwaka aliotoka. Nililikuta chini ya rafu karibu na ukuta unaovuja, kurasa za mwanzo zimeshikana kwa unyevu, ukijaribu kuzibandua zinachanika, na mchwa wameshaanza pembeni. Nikatafuta namba yangu nikaikuta, na namba ya rafiki yangu niliekaa nae dawati moja iko chini yangu, mtu ambae sijui hata kama yu hai. Nikaomba nipige picha kurasa zote kwa simu, bure, kwa gharama zangu, nikaambiwa niandike barua. Nimeandika. Wiki ya 5 hii, sijajibiwa hata kwamba imepokelewa.

Ile namba ya usajili ndo ufunguo wa kila kitu na hakuna anaeliona hilo. Majina yanafanana, watu wanabadilisha majina, dada zetu wengi wakiolewa wanatumia jina lingine kwa hiyo ukimtafuta kwa jina la shuleni humpati na ukimtafuta kwa jina la sasa hakuna anaemkumbuka, lazima uandike yote mawili. Namba ya usajili haibadiliki. Ukishakua na daftari lile kwenye kompyuta, kila mwaka unatafuta watu 2 au 3 tu wa mwaka huo wanaowajua wenzao, wanapita jina kwa jina, huyu yupo, huyu namba yake hii, huyu alishafariki. Mtu mmoja hawezi kukumbuka watu wote wa shule ila darasa lake analikumbuka mpaka nani alikaa dirishani.

Na hawa wanaomaliza mwaka huu? Nimeuliza, hakuna anaechukua hata namba moja. Wapo pale pale, wamekaa kwenye foleni ya kusaini kurudisha vitabu, karatasi moja tu ingezunguka, jina, namba ya mzazi, imeili yake binafsi (sio ile ya shule maana hiyo ikifungwa akishaondoka ndo basi). Dakika 10. Mwakani mtaanza kuwatafuta Facebook kama mnavyotutafuta sisi.

Mwaka juzi tulijitolea watu 20, kila mtu na kazi yake, nesi, fundi umeme, mwanasheria, mkulima, dereva wa malori ya masafa, tukasema hatuna hela ila tuna Jumamosi, tuje tukae na watoto tuwaambie kazi zetu zikoje kweli kweli, wenye kuuliza waulize. Mkuu wa shule akasema wazo zuri atawasiliana. Huyo kahamishwa, akaja mwingine, hakukabidhiwa hata kipande cha karatasi chenye majina yetu, tumeanza moja. Akaja wa tatu. Ndo huyu wa geti. Fundi umeme wetu aliekua tayari kuja kuangalia nyaya za bweni bure hakuna anaemkumbuka, wanakumbuka waliotoa hela ya maabara.

Pale Marekani chuo cha Williams kina umoja wa wanafunzi wa zamani toka 1821, na ulianzishwa kwa sababu chuo kilikua kinakaribia kufa, mkuu wake kaondoka na baadhi ya wanafunzi kwenda kuanzisha chuo kingine, waliokwisha kumaliza ndo wakakusanyika wakasema hakifi. Mwaka 1821! Simu hamna, imeili hamna, watu wanaandikiana barua na zinafika. Shule yetu ikipata shida ya kweli kesho, moto au kufungwa, itamwita nani? Watu 60?

NYONGEZA: nimeona wanaosema "acha kulalamika njoo ufanye wewe". Mkuu, nimejitolea mara 3 kwa maandishi, screenshot ninazo. Nimeomba faili bovu la Excel nilitengeneze, nimenyimwa, eti ni mali ya kamati. Nimeomba daftari, barua. Nimeomba neno la siri la Yahoo wakati ule, kimya. Nifanye nini kingine, nivunje masijala?

NYONGEZA 2: kwa alieniuliza kama nitachangia geti. Hapana. Mwenye moyo achangie, simzuii mtu. Mimi hela yangu nimempelekea mjane wa mwalimu. Alinikaribisha ndani, akatoa boksi la viatu limejaa barua za wanafunzi, zingine za zamani wino umefifia, wengine wamemwandikia mpaka anwani zao na namba za simu. Mzee alikua anazitunza zote, kazipanga kwa mwaka wa kumaliza. Mama kaniruhusu nizipitie ila ziondoke pale hapana, na nimemwahidi nitampigia kila mwenye barua kwanza nimuombe ruhusa kabla sijaandika jina lake popote.

Nimeshapiga 14. Wawili walikua hawajui kama kafariki, mmoja alikata simu akanipigia tena baada ya saa nzima. Naenda tena Jumamosi. Mliopita mikononi mwa mzee yule mkijijua nitumieni inbox jina mlilotumia shuleni na mwaka wa kumaliza, namba za simu msiweke hapa hadharani.